Hesabu ya Hanamu

Umeme umekatika Walukuba,
na bwawa linanguruma pale pale, karibu.
Mwenye kisima, kumbe, naye hulala na kiu.
Tumesimamisha mshumaa juu ya kopo la maziwa
nyumbani kwa Oboth, fundi vigae:
sakafu pekee mtaani ambayo miraba yake haijapinda.

Kigae kimoja, hatua moja.
Kizibo chekundu cha soda ni Kaudha, mpiga mishale.
Mazimwi matatu ni kokwa za parachichi.
Mimi ni kifuniko cha dawa ya viatu,
mbeba ngao, kwa kuwa ni kipana,
na kwa kuwa, wanasema, siwezi kuona ugomvi
nisiingie katikati.

"Nakata hanamu," Kaudha akasema.
"Nne tu hadi mlangoni, na hatua zangu ni tano."

Oboth akaweka njugu chini.
"Nne za nani?"

Akachomoa futikamba mfukoni (huyu hulala nayo),
akainyoosha ubavuni mwa kigae: thelathini.
Akainyoosha kona hadi kona:
arobaini na mbili, na unywele juu.

Tukacheka. Yeye hakucheka.
Akatuambia habari za sebule moja kule Bugembe,
mwenye nyumba aliyetaka vigae vilale hanamu
ving'ae kama almasi.
Akapimiwa ujira kama vimelala sawa,
na pembetatu zote zilizobaki ukutani,
gunia zima,
zikakatwa kwenye pesa yake.
Muhula ule mwanawe alirudishwa langoni, ada haijatimia.
"Basi mimi msiniambie hanamu ni bure."

Tenywa, msimulizi wetu, mwenye mazimwi na sheria,
akatafuna kalamu, akaandika
kwenye daftari lenye jedwali la kuzidisha mgongoni:
*hanamu ya kwanza, moja; ya pili, mbili;
ya tatu, moja; ya nne, mbili.*
Mwendo wa mtu anayechechemea,
lakini anafika.

Kaudha hakufika.
Moja, tatu, nne, na hapo akakwama,
mraba mmoja kabla ya mlango,
hatua moja imembaki mkononi
kama shilingi ambayo duka halina cha kuiuzia.
Kokwa kubwa ikamgeukia na mkuki.

Zamu yangu.
Nilikuwa na hanamu ya kwanza, ile ya bei rahisi.
Nikaitumia.

"Hukusimama mbele yake," Tenywa akasema. "Umesimama pembeni."
"Ngao si mlango," nikamjibu, "hata pembeni inaziba."
Akavuta uzi kwenye sweta yake,
akaushikilia konani mwa kokwa,
akaupeleka kwenye kona nne za mraba wa Kaudha,
moja moja, pumzi ameibana, mshumaa usimsaliti.
Mara mbili uzi ukanigusa.
Mara mbili ukapita.

"Nusu," akasema.
Nusu ya kinga ni alama mbili:
mkuki uliotaka kumi na tatu
sasa unataka kumi na tano.
Mtu anaweza kuishi ndani ya alama mbili?
Kaudha alikuwa ameziba mdomo kwa kanga.

Kikombe kikatikiswa.
Ndani yake vipande ishirini vya kadibodi,
cha saba kimeliwa na mende, bado kinasomeka.
Tenywa akachomoa, akakisogeza kwenye mwali.

Kumi na nne.

Hatukupiga kelele, mtoto wa jirani alikuwa amelala.
Oboth alinigonga bega mara moja tu, kwa ngumi,
kama mtu anayejaribu kigae kama kimeshika.

Ndipo umeme ukarudi, ghafla, bila adabu,
na tukaona alipokuwa amesimama Kaudha:
mraba ule wa pembeni haukuwa kigae.
Zilikuwa pembetatu mbili, rangi za tajiri,
zimeunganishwa kwa saruji nyembamba kama uzi.

Tenywa akainama na kalamu yake.
"Huu tunauhesabu mmoja, au miwili?"

Oboth alikuwa amerudia njugu zake.
"Huo," akasema, "umeshalipiwa."